Picha Kubwa Kama Ukuta

9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu yako siku hizi ninaamkia mtaa mzima. Tangu uanze kuweka spika ili unisikie juu ya kelele za cherehani, kila nikisema neno fundi viatu ananijibu kabla yako. Mara ya mwisho niliposema nina mafua, watu nisiowajua walinipa pole na dawa juu. Basi turudi kwenye barua, kama enzi zangu za shule ya bweni.

Huku sote wazima. Dada amejifungua salama, mtoto wa kike, mnono, mwenye sauti ya king'ora. Wanasema paji la uso amechukua lako. Mimi silioni, ila nimeitikia kwa heshima. Baba alinipigia juzi. Goti bado linamsumbua lakini hataki kusikia habari za daktari, anasema goti lake halina shida, shida ni ngazi.

Sasa keti vizuri. Nimenunua kamera. Najua, najua, nilikuwa nayo nyingine. Hii ina pikseli milioni mia. Pikseli ni vile vitone vinavyoijenga picha, kama nyuzi zinavyojenga kitambaa: zikiwa chache unapata gunia, zikiwa nyingi unapata hariri. Ile ya zamani, nikimpiga mtu mwenye shati la mistari myembamba, mistari ilikuwa inachanganyikiwa na kutoa mawimbi ya rangi ambayo shatini hayapo kabisa. Hii inakupa mstari mmoja mmoja, na uzi ndani ya mstari. Nilipiga mkono wa jirani yangu muuza mboga, nikaukuza kwenye skrini, nikaona udongo uliojificha ndani ya alama za vidole vyake. Niliuangalia mpaka chai ikapoa. Wenzangu wa studio wanasema nimepagawa, na sina la kujitetea.

Ina vituko vyake pia. Ni nzito kama tofali. Faili zake zimeishibisha kompyuta mpaka inahema. Na haisamehe: ukitikisika kidogo tu wakati wa kubonyeza, inakuanika. Naiweka kwenye stendi, nabana pumzi kama mtu anayepigwa picha ya kifua hospitalini.

Unakumbuka asubuhi ile ya Desemba, mvua ilipokatika, nikapanda kwenye kibaraza cha duka la vitabu mkabala na kwako nikaupiga mtaa wenu? Nimekuwekea nakala ndogo humu ndani. Wewe uko kushoto, kwenye veranda yako, mbele ya cherehani, na gauni lako la bluu. Fundi viatu yuko katikati, amesinzia na kiatu cha mtu mapajani. Fundi saa amesimama kulia, mlangoni kwake, na koti lake la kahawia. Chini lami imelowa inang'aa. Shangazi, wameichagua! Ule ukumbi wa maonyesho ambao umekuwa ukinirudishia picha tangu nianze kazi hii, sasa wanataka kuisafisha iwe kubwa kama ukuta, nyie watatu karibu na ukubwa wenu wa kweli, pale mlangoni ambapo kila anayeingia ataiona kwanza. Maonyesho yanafunguliwa Juni. Nikiupata ukuta ule, huenda nikaachana na picha za vitambulisho na watoto wanaopulizia keki mate.

Sharti lao ni kwamba kila ambaye sura yake inaonekana aandike kuwa ameridhia. Niandikie mstari mmoja tu, na uniombee kwa hao mafundi wawili.

Mwanao,
Kodo


27 Februari

Kodo mwanangu,

Marahaba, ukue uache kununua kamera. Jina hilo nilikupa mwenyewe ungali kwenye nepi, kwa jinsi ulivyokuwa ukikodolea watu macho, na naona hujapona.

Hongera kwa dada yako. Mwambie paji la uso kama langu ni mtaji, asilifunike na kofia. Mimi nipo, kazi zipo. Nina bibi harusi hapa ambaye kila akija kupimwa ameongezeka, kisha ananiambia tepu yangu imenywea. Baba yako anakuja kila Jumapili kama kawaida yake, anakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, ananiambia nilivyokosea kupanga makochi. Kufundisha watu udereva miaka yote ile kumemharibu. Hata akiwa sebuleni kwangu anakanyaga breki.

Kuhusu hiyo kamera: pikseli milioni mia za nini? Mimi nina macho mawili na nimevalisha mtaa mzima. Mtu akipigwa picha anataka aonekane yeye, si vinyweleo vyake. Utakosa wateja, nakwambia.

Na picha ile, hapana. Piga nyingine. Nipige nimejiandaa, nimesimama wima, naangalia mbele kama mtu mzima. Ile usiitundike popote, na usiniulize kwa nini, mimi ni shangazi yako. Fundi viatu ameridhia, ametia sahihi kubwa kuliko barua. Fundi saa naye ameridhia, lakini yule huridhia kila kitu, hata chai isiyo na sukari. Karatasi zao hizo hapo. Yangu haimo.

Mchumba je? Miaka inakwenda, na kamera haizai.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo tena, kwa unyenyekevu wote. Mtoto wa dada alitokwa na upele, amepona, sasa ameota meno ya kufikirika: kila mtu anasema anayaona isipokuwa mwenye kamera. Mchumba hayupo. Akitokea, wewe utakuwa wa pili kujua, baada yake.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikaigeuza nyuma kuona kama sababu imeandikwa huko. Piga nyingine, unasema. Shangazi, nyingine haipo. Mwenyewe uliniambia wamechimba mtaro wa mabomba mbele yenu, na duka la vitabu limebomoa kibaraza. Mwanga ule wa baada ya mvua nao haupigiwi simu ukaja.

Nikakaa nikawaza, nikasema labda ni uso. Kwamba kamera hii inaona sana, na mwanamke hapendi mikunjo yake itundikwe ukutani. Kama ni hilo limekwisha: naweza kuipiga pasi mikunjo yote kwenye kompyuta, utoke kama bibi harusi wako kabla hajaongezeka.

Lakini ningependa nisifanye hivyo, na ngoja nikueleze kwa nini, kwa sababu nadhani wewe kuliko watu wote utanielewa. Picha ya kawaida ukiitazama mara moja umeimaliza. Hii huimalizi. Ukiwa mbali unaona mtaa. Unasogea, unaona watu. Unasogea tena, unaona fundi wa cherehani ana pini mdomoni na bado anacheka. Ni kama wewe unavyoshika nguo ya mtu: wengine wanaona gauni, wewe unapindua pindo kutazama ndani. Mimi maisha yangu yote nimetaka kupindua pindo. Sasa nimepata chombo cha kunipindulia, na picha ya kwanza ya maana kutoka humo ni wewe. Sijawahi kuipenda kazi yangu namna hii, Shangazi. Naomba.

Kodo wako


2 Aprili

Kodo,

Marahaba. Sote wazima.

Mikunjo yangu usiiguse. Nimeifanyia kazi mwenyewe, na wewe umechangia. Ungethubutu kunipiga pasi kwenye kompyuta ningekupiga na pasi yenyewe.

Si mikunjo. Na jibu ni lile lile.

Bibi harusi ameongezeka tena. Msalimie mwenye paji langu.

Shangazi


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima, ila usingizi wa mtoto umegeuka: mchana analala kama mzee, tukiwa na kazi anaamka.

Barua yako fupi imenikosesha raha. Shangazi yangu mimi hata risiti ya kitambaa huiandikia maneno ya ziada. Kwa hiyo Jumamosi nilifunga studio mapema, nikaifungua picha kwenye skrini kubwa kwa ukubwa wake kamili, nikaanza kuitembelea kutoka kushoto kwenda kulia, nitafute kinachokuuma. Nilikuwa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia.

Nilianza kwako. Nikaona chaki mgongoni mwa mkono wako. Nikaona umecheka hasa, na macho yamepata maji kidogo, nami siku zote nilidhani unamcheka fundi viatu kwa kusinzia. Nikaona cherehani imechubuka rangi pale unapoweka kiwiko. Nikafika kwa fundi viatu: soksi zake si pea moja, na paka amelala ndani ya buti la mtu. Hayo si ya kumnyima mtu ukuta. Nikafika kwa fundi saa. Saa zote za dirishani kwake zinapishana, hakuna hata moja inayokubaliana na mwenzake, na yeye amesimama katikati yake kama mtu asiye na haraka duniani.

Nikafika kwenye koti lake.

Shangazi, mimi nimekua chini ya cherehani yako. Najua vifungo vya wateja unavishona mistari miwili, kwa uzi wa rangi ya nguo, haraka haraka. Vya watu wa nyumbani unavikatiza, nyuzi zinapishana kama alama ya X, kwa uzi mwekundu uliokolea, kama Bibi alivyokufundisha, ili mtu wa nyumbani hata nguo zikichanganyika kwa dobi ajulikane. Mashati ya Baba ni hivyo. Sare zangu za shule zilikuwa hivyo. Sijawahi kuviona kwa mtu mwingine yeyote.

Koti la fundi saa lina vifungo vitatu. Vyote vitatu vimekatizwa, kwa uzi mwekundu.

Kwa macho ya kawaida mtu hawezi kuona. Kamera yangu ya zamani ingeonyesha doa la kahawia tu. Sasa nina maswali mawili madogo. La kwanza, fundi saa amekuwa mtu wa nyumbani tangu lini? La pili, wewe umejuaje kwamba anakunywa chai isiyo na sukari?

Natabasamu hapa peke yangu kama kichaa.

Kodo


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Siku zimepita na sijapata jibu. Nilipiga simu nikapokelewa na fundi viatu, akasema uko hapo hapo lakini mkono umeshika kazi. Nimeelewa.

Naona nilichezea jambo lisilo la kucheza. Nilidhani nimepata kichekesho, nikakiandika kama kichekesho, nikasahau kwamba kama ungetaka nijue ungeniambia. Samahani sana.

Leo nimewaandikia wale wa ukumbi kwamba ile picha siitoi. Wamesikitika, wakaniomba nifikirie tena mpaka mwisho wa mwezi, nikawaambia nimeshafikiri. Nimewapa nyingine ya daraja. Ni daraja zuri, lina nati nyingi na zote zinaonekana. Hawakuipa ukuta wa mlangoni, wameiweka kwenye ujia wa kwenda chooni, na huko nako watu hupita.

Sikuandikii ili ubadilishe neno. Nakuandikia ulale vizuri. Sijamwambia mtu yeyote, si dada, si Baba. Nakupenda kuliko ukuta wowote.

Kodo


15 Mei

Kodo mwanangu, mwenye macho yasiyo na adabu,

Marahaba, marahaba tena. Nisamehe kwa kimya. Sikukasirika. Nilifedheheka tu, na kwa umri wangu nilikuwa nimesahau namna ya kufedheheka, ikanichukua muda kujifunza upya.

Nilipopata ile nakala yako ndogo mwezi wa pili, sikuona vizuri, nikaenda kwa fundi saa kuazima kile kioo chake cha kubana jichoni. Nikajitazama. Mwanangu, nilishtuka. Nikaona mwanamke anayemchekea mtu kwa uso wote, pini mdomoni, bila haya, mbele za watu. Na hakuwa anamtazama fundi viatu. Macho yake yalikuwa yanapita juu ya kichwa cha fundi viatu. Nikasema ikiwekwa ukutani hii, hata kipofu atasoma. Ndiyo maana nikakataa. Nilihangaika na uso wangu, kumbe nimejianika vifungoni! Naapa sikukusudia. Aliniletea koti limekatika vifungo, nikakaa nikavishona huku tunaongea, mkono ukafanya unavyofanya kwa watu wake. Mpaka barua yako ilipofika ndipo nikatoka nje, nikamwambia simama hapo, nikalishika koti nikatazama. Nikakaa chini. Yeye akauliza kuna nini. Nikamwambia kaulize mkono wangu.

Basi sikiliza, na hapa mimi ninayepaswa kukufunda ndiye ninayejieleza kwako, dunia imepinduka. Ilianza na saa ya marehemu mume wangu. Ilisimama nikampelekea aitengeneze. Akaitengeneza, nikaichukua, ikasimama tena, nikairudisha. Ikawa inasimama kila wiki. Kuja kugundua, nilikuwa siitii ufunguo kwa makusudi, na yeye alikuwa anajua, na alikuwa akiifungua na kuifunga tena kwa uangalifu mkubwa kana kwamba ni mgonjwa. Ni mjane kama mimi. Hana maneno mengi. Anasikiliza mpaka mwisho wa sentensi, na wewe unaijua familia yetu, hicho ni kitu sijawahi kukiona. Ameniomba tuoane. Nimemwambia ndiyo moyoni, kwa mdomo nimemwambia subiri.

Ninachokisubiri ni baba yako. Simwombi ruhusa, mimi ndiye mkubwa na nimembeba mgongoni. Lakini ndugu yangu ni yeye tu, na sitaki kuolewa huku yeye amenuna. Marehemu alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, na kaburini pale baba yako aliapa kunitunza. Ananitunza kweli, ananitunza mpaka nakosa hewa! Bwana mmoja mwenye duka la vioo alipokuja kuniposa miaka ile, baba yako hakumfukuza. Alimkaribisha, akampa chai, akaanza kumsimulia sifa za marehemu, alivyokuwa mkarimu, alivyokuwa hodari, akasimulia mpaka yule bwana akaaga mwenyewe na hakurudi tena. Kila Jumapili najiandaa kumwambia. Anakaa kwenye kile kiti, anakipapasa mkono, ananiambia jamaa yetu alikipenda hiki. Naishia kummiminia chai.

Wewe umeacha ukuta wako kwa ajili yangu. Nimeisoma barua hiyo nikaenda kumsomea fundi saa. Akasema, "Huyo mtoto asiwekwe kwenye ujia wa choo." Ni hayo tu aliyosema.

Kwa hiyo nimeamua. Ridhaa yangu hii hapa, karatasi ya peke yake, nimeandika kwa wino. Kaitundike. Waombe kwa adabu, na kama daraja limeshapigwa misumari, ling'oe. Kisha mwalike baba yako. Mimi siji, nitabaki kwenye cherehani yangu. Yeye vifungo vile atavijua. Mashati yake yote ya shule nilimshonea mimi, na vifungo alikuwa akivikata kila wiki kwa kupigana. Nilichoshindwa kumwambia kwa mdomo, hiyo kamera yako imwambie. Si unasema inaona kila kitu? Sasa ifanye kazi.

Nikishapata majibu nitajua kama naolewa kwa furaha au kwa huzuni. Niombee.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia harakaharaka, na salamu za mtoto nazifupisha: meno sasa ni ya kweli, amemng'ata dada.

Ukuta nimeupata. Waliposikia umeridhia walinikumbatia, na daraja limebaki pale pale kwenye njia yake. Jumamosi mchana wakafungua milango. Shangazi, ungejiona! Watu wanaingia, wanasimama mbali, wanasema aa, mtaa. Halafu miguu inawasogeza yenyewe. Kila mmoja anafika mpaka pua inakaribia ukuta. Mama mmoja alisimama mbele yako muda mrefu akanigeukia na kuniuliza, "Huyu anamchekea nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Ana bahati huyo mtu." Mpiga picha mmoja mkongwe, ambaye nimemwogopa tangu nianze kazi, alitoa kioo mfukoni akakagua kona zote za picha akitafuta mahali ilipofifia. Hakupata. Akanipa mkono, akaniuliza nilitumia lenzi gani, nikasahau jina la lenzi papo hapo.

Baba alifika na suti yake ya mitihani ya leseni. Alinisifu mbele za watu mpaka nikatamani kuingia chini ya meza. Kisha akaenda kwenye picha. Akaanza kwako, akacheka, akasema, "Dada na pini zake, ipo siku atameza." Akapita kwa fundi viatu. Akafika kwa fundi saa, wakawa uso kwa uso, urefu sawa.

Akavaa miwani. Akainama. Akakaa ameinama hivyo. Mlinzi akamwambia, "Mzee, usiguse," nikaona kidole chake kiko kwenye kifungo cha kati.

Akaniita. "Hii kamera yako," akasema, "huwa inaongeza vitu?"

"Hapana, Baba. Inachukua kilichopo."

"Haiwezi kukosea rangi?"

"Hiyo haiwezi."

Akarudi nyuma hatua chache. Akakutazama wewe, akamtazama yeye, akakutazama wewe. Akavua miwani, akaifuta na tai, akaenda kwenye meza ya biskuti na kukaa pale akila moja baada ya nyingine mpaka sahani ikaisha. Kwangu alikataa kulala, akasema atapanda basi la jioni. Alipokuwa anapanda nikamuuliza, "Baba, umekasirika?" Akanijibu, "Fungulia watu njia, wanapanda."

Sijui, Shangazi. Uso wake sikuusoma, na mimi ndiye ninayejisifu kwa kuona. Jiandae kwa lolote. Simu yake ameizima.

Kodo


25 Juni

Kodo mwanangu,

Marahaba. Huku wazima. Bibi harusi ameolewa, gauni lilimkaa, nilikuwa nimeacha akiba ya kitambaa pembeni bila kumwambia.

Barua yako ilinikuta tayari nina wasiwasi. Jumapili baba yako hakuja. Tangu nifiwe hajawahi kukosa Jumapili, hata mwaka ule wa mafuriko alikuja na suruali amekunja magotini. Nikamwambia fundi saa basi, nimempoteza ndugu. Akanishika mkono hapo hapo verandani, mchana, fundi viatu anatazama. Wala sikuutoa.

Jumatano asubuhi nimeketi kwenye cherehani, nina suruali ya mteja chini ya sindano na mteja mwenyewe amesimama ananisubiri. Nikamwona baba yako anakuja kwa miguu kutoka upande wa stendi ya mabasi, goti linachechemea, suti ile ile. Mtaro wameufukia lakini bado kuna vibao, akapita juu ya vibao kwa hasira kama vimemkosea. Nikasema sasa anakuja kunisema mbele za watu. Nikatoa pini mdomoni nisije nikazimeza kweli.

Hakusimama kwangu. Hakunitazama hata. Alipita mlango wangu, akampita fundi viatu aliyekuwa macho siku hiyo kuliko siku yoyote ya maisha yake, akaenda mpaka mlangoni kwa fundi saa. Fundi saa akamwona, akaweka chini koleo, akasimama. Alikuwa na lile koti.

Baba yako akamtazama vifungo, kimoja, cha pili, cha tatu. Fundi viatu aliiacha nyundo hewani. Kisha akavua kofia, akasema kwa ile sauti yake ya kuwafokea wanafunzi barabarani:

"Shikamoo, shemeji."

Fundi saa, yule mtu asiye na maneno, alitafuta neno moja tu na likamchukua muda. "Marahaba," akasema, "marahaba, bwana shemeji," na akamshika mkono kwa mikono yote miwili na hakumwachia.

Mimi huku nilikuwa nalia kwa sauti, mwanangu, kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana, na mguu bado uko kwenye cherehani unakanyaga. Mteja akaniuliza suruali yake itakuwa tayari lini. Nikamwambia sijui, baba, sijui, leo sijui chochote.

Shangazi yako


Nimesahau: baba yako anasema uandae picha nyingine ya ukuta, na safari hii yeye awe katikati.